Fataki ya Tatu

Nyundo iligonga, fataki ikalia kama punje ya bisi, halafu kimya. Mtutu wa gobore haukutoa hata moshi wa kufukuzia mbu.

"Mara ya tatu," alisema bwana nyama Wiliam, akaandika kwenye fomu.

Mzee Modesti alitema mate pembeni. Hapo uani, nyuma ya ofisi ya wanyamapori ya Sumbawanga, palikuwa na meza ya chuma, na juu ya meza msumeno wa kukatia vyuma. Mwongozo mpya ulisema hivi: gobore la kuwashwa kwa jiwe halipewi kibali cha kuwinda mpaka ligeuzwe liwe la fataki, na lililogeuzwa likigoma mara tatu, linakatwa hapo hapo, mwenyewe akitazama.

Adolfu, mhunzi wa kijijini kwao Milepa, alikuwa amefanya yake. Aling'oa taya zilizoshika jiwe tangu enzi za babu yake Modesti, akaweka nyundo, akatoboa mtutu na kupachika kijibomba cha kuvalia fataki. Kazi safi. Lakini mara mbili Modesti alipanda nalo mlima kutoka bondeni, limefungwa kwenye gunia, na mara mbili liligoma. Leo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Alikuja na neno moja tu moyoni la kulisikia kutoka kwa watu hawa, na alishachoka kulingoja.

Watu hawa walimtia kinyaa. Viatu vinang'aa, chai ya saa nne haiwapiti, na kule Milepa nguruwe pori wanakula mahindi kama waliyapanda wao. Kijiji kiliandika barua tatu kuomba askari wenye bunduki za kisasa. Hakuja mtu. Ndiyo maana wanakijiji wakawa wanalinda wenyewe. Ndiyo maana Bertilla, mkewe, mama wa Rozina, alifia kwenye mahindi mwaka juzi. Angekuja hata askari mmoja, mama yule saa hizi angekuwa jikoni anasonga ugali wa ulezi. Alipokwisha kufa ndipo wakubwa wakapata gari. Wakaandika "ajali", wakala kuku wa msiba, wakaondoka.

Christopha, mtendaji wa kijiji aliyempakia mzee kwenye pikipiki, alishika kichwa.

"Bwana nyama, kijiji kizima kina gobore hili moja lenye karatasi. Likikatwa, mwaka huu tutakula magunzi."

"Magunzi hayana sumu," alisema Wiliam.

"Wewe cheka tu. Huyu mzee mpaka mkutano wa kijiji umsukume ndiyo aje. Tangu afiwe, hashiki la mtu."

Modesti alisogea mpaka kwenye meza, akaupapasa msumeno.

"Mara tatu ni mara tatu," alisema. "Sheria mmeitunga wenyewe. Kata, kijana wangu, nirudi kwangu jua lingalipo."

"Mzee una hasira."

"Sina hasira. Hasira ilikwisha, imebaki kichefuchefu. Fanya kazi unayolipwa."

"Msamehe, bwana nyama," alisema Christopha. "Uchungu huo."

Wiliam alimtazama mzee, koti lake la mtumba lililochanika kwapani, miguu iliyojaa vumbi la njia nzima. Uso ukamlainika. Akaiweka kalamu.

"Mzee wangu, mimi nimekulia kijijini Kate. Nguruwe nawajua, walitulaza na njaa. Nikikukatia gobore leo nimekukata mkono."

"Usinihurumie."

"Siyo huruma. Ni dakika moja tu."

Aliingia ndani akarudi na waya mwembamba. Akaupenyeza kwenye kile kijibomba cha fataki, akauzungusha, akauvuta. Ncha ilitoka na kitu cha manjano.

"Tazama. Nta tupu. Nyuki wamekufungia duka, mzee."

Christopha alicheka mpaka akakohoa. Modesti alipiga hatua.

"Acha hivyo hivyo," alisema. "Umeshaandika tatu."

"Kilichoandikwa kinafutwa. Ziba masikio."

Alivalisha fataki mpya, akaelekeza mtutu kwenye kichuguu, akavuta. Gobore lilinguruma, kunguru wakaruka kutoka kwenye bati, moshi mweupe ukajaa uani. Mhasibu alichungulia dirishani, akafunga dirisha. Fomu ilipigwa muhuri kabla harufu ya baruti haijakwisha: LIMEPITA.

Christopha alikwishaweka simu sikioni. "Ndiyo, limekubali. Waambie watu wakae tayari, jioni hii hii mzee anaingia mahindini."

"Shukuru basi, mzee wangu," alisema Wiliam, akimnyooshea gobore, mtutu ungali vuguvugu.

Modesti hakulipokea. Alibaki na mikono mfukoni, kwa kuwa nta ilikuwa bado imeganda kwenye kucha zake. Jioni ile ya mwaka juzi alisikia mahindi yakitikisika, akalenga kwa mtutu huo huo, akavuta, na kilichoanguka kilimwita, polepole, "Baba Rozina."