Kapasita Iliyovimba

Zilibaki siku mbili vifaranga waanguliwe, mashine ya kutotolea ikazimika. Mama mkwe wa Siwema aliyapakata mayai yake ndani ya kanga yasipoe. Siwema alichomoa waya ukutani, akafungua kifuniko. Kapasita moja, kikopo cha kutunzia umeme, ilikuwa imevimba kama andazi.

"Si umeshazima, mwanangu? Ing'oe basi!"

"Bado ina umeme tumboni, mama."

Aligusisha nyaya za balbu kwenye miguu ya kapasita. Balbu ikawaka ghafla, ikazimika. Mama mkwe akashtuka.

"Kumbe hiyo shule yako ya jioni si ya kupiga soga!"

Siwema alicheka, akaing'oa, akachomelea kapasita mpya, hasi kwa hasi. Mashine ikaanza kunguruma.

"Yarudishe, mama."

Mama mkwe hakusogea. Alikuwa ameweka yai moja sikioni, kidole midomoni kumwashiria Siwema anyamaze.