Ndizi za Minova

"Karibu, Papa Céline," alisema mama muuza ndizi, na Emérita akageuka kumtafuta huyo aliyeitwa. Kando ya ziwa, hapo Minova, hapakuwa na mwanamume mwingine ila mumewe, aliyefunga naye ndoa kanisani Jumamosi.

Walikuwa wametoka Sake asubuhi kwa baiskeli, Emérita akiwa amekaa nyuma na mzigo wake wa nguo, wakifuata ziwa Kivu kuelekea Kalehe. Mumewe alikuwa karani huko, kwenye shamba la kahawa. Burungu, kijijini kwao Emérita huko Masisi, hakuna msichana aliyewahi kuolewa na mwenye baiskeli.

"Leo unapita na mugeni?" mama aliuliza.

Mume aliinama akaanza kukaza mnyororo ambao haukuwa umelegea.

Emérita alitazama vidole vya mumewe vikijaa mafuta meusi. Mtu haitwi Papa wa fulani bila mtoto.

"Céline iko na miaka ngapi?" alimuuliza yule mama kwa adabu.

Mama aliiona pete mpya, sauti yake ikashuka. "Ameshaanza masomo, mwanangu. Mama yake mwenyewe njo anamupelekaka kila asubuhi."

"Panda, twende," mume alisema, bado ameinama. "Nitakueleza mbele."

Nyuma yao, milima ya Masisi ilikuwa imezama katika mvua. Huko baba yake Emérita alikwisha pokea ng'ombe wa mahari, na mmoja alikwisha liwa.

Emérita alimgeukia mama wa ndizi.

"Nipatie kichane moja, mama. Sitafika kwa mutoto mikono mitupu."