Fomu ya Kumtafuta Lisiate

Barua pepe ya arobaini asubuhi hiyo ilimshauri Seini apake dawa ya kuotesha nywele. Ya arobaini na moja ilimpongeza kwa kushinda bahati nasibu ambayo hakuwahi kuicheza. Zote zilipitia fomu ya tovuti yake.

Alizisoma zote mpaka mwisho. Huenda katikati ya uchafu ule kulikuwa na mstari mmoja wa kaka yake.

Lisiate aliondoka Tonga miaka ishirini na miwili nyuma, baada ya kugombana na baba yao, akapotelea Australia. Baba alishakufa. Sasa mama yao, Mele, alikuwa kitandani chumba cha pili, ini limekwisha, na aliomba jambo moja tu: amsikie Lisiate kabla hajafumba macho. Kwa ajili hiyo Seini alikuwa amefungua tovuti yenye picha ya kaka yake akiwa kijana, na chini yake fomu. Mwanzoni aliweka na namba ya simu, lakini matapeli watatu walipiga wakijifanya Lisiate, wakitaka nauli. Mama alilia kwa furaha mara zote tatu. Seini akaiondoa namba.

Ikabaki fomu, nayo ndiyo iliyokuwa ikitapika matangazo.

Alimwita Kalolaine, waliyesoma naye, ambaye siku hizi alitengeneza tovuti za nyumba za wageni mjini Nuku'alofa.

"Roboti za mtandaoni hizo, shoga," Kalolaine alisema akifungua kompyuta. "Zinazunguka duniani kutwa, zikikuta fomu zinajaza."

"Zizuie, nakuomba. Jana nimesoma mia mbili. Hata kumgeuza Mama nimesahau."

"Naweka mtego. Naongeza kisanduku kimoja kwenye fomu, halafu nakificha. Mtu hakioni, anajaza vyake anatuma. Roboti haiangalii kioo cha kompyuta, inasoma maandishi ya ndani, kwa hiyo hicho nacho itakijaza. Kikijazwa tu, barua inafutwa papo hapo."

"Haibaki popote?"

"Ibaki ya nini? Unataka kuotesha nywele?"

Seini alicheka, kicheko cha kwanza wiki nzima. Kisha akasita. "Na mtu akikijaza kwa bahati mbaya?"

"Atajazaje asichokiona? Nenda kamgeuze mama yako, bibi wee."

Mtego ulifanya kazi. Jioni ile hakuingia hata mwuza dawa mmoja. Seini alimbusu Kalolaine mashavu yote mawili na kumfungia viazi vikuu vya kwenda navyo.

Siku ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Sanduku la barua lilikuwa safi, na usafi wenyewe ukaanza kumtisha. Kila alipoingia kwa mama na kikombe cha maji, swali lilikuwa lile lile.

"Kaandika?"

"Bado, Mama."

Siku ya nane mama hakuuliza, alimtazama tu. Seini alitoka nje, akasimama nyuma ya jiko na kulia huku amejiziba mdomo kwa kitambaa cha kushikia masufuria. Ya tisa, saa nne asubuhi, mama alikata roho akiwa ameuelekeza uso mlangoni.

Redio ilitangaza msiba. Ndugu walijaa wakiwa wamevaa nyeusi, na mikeka mikubwa ya maombolezo viunoni. Seini aliketi karibu na maiti, nywele zimefunguliwa na kumwagika usoni kama inavyompasa binti aliyefiwa. Chini ya nywele hizo alimchukia kaka yake kwa roho yake yote.

Siku ya pili ya matanga, gari lilisimama nje. Watu wakanong'ona. Viatu vikaja polepole, vikakoma mlangoni.

"Seini?" Ilikuwa sauti ya Lisiate, imekuwa nzito. "Nimesikia redioni, kule Sydney."

Seini hakuinua kichwa. Dada hamkazii kaka yake macho, na siku hiyo aliushukuru mwiko huo.

"Kumzika umeweza," alisema. "Kuandika mstari mmoja ndiko ulikoshindwa."

"Niliandika mara sita!" Sauti ilikatika. "Kila kisanduku kompyuta ilichonisomea kwenye ile fomu nilikijaza, sikuruka hata kimoja. Hamkunijibu. Nikajua na nyinyi mmenikataa, kama Baba."

"Mwongo!"

Wanawake walishtuka. Seini hakujali tena mwiko wala msiba; alizitupa nywele nyuma, akamkazia macho.

Lisiate alikuwa ameuelekeza uso wake ukutani, na fimbo yake nyeupe ilikuwa ikipapasa kwenye mkeka, ikitafuta mahali mama alipolazwa.