Kitabu Chembamba Kilirudi

Kati ya vitabu sita alivyovituma Haitham, kimoja kilirudi Chake Chake siku ya tatu, kimefungwa vizuri kwa kamba na kukabidhiwa dereva wa gari ya abiria. Ndani mlikuwa na karatasi:

"Kaka Haitham, hivi vinene vyatufaa sana. Hichi chembamba twakurejeshea, hakitusaidii kitu. Ukipata vyengine vinene usitusahau. Ghania, muuguzi."

Haitham aliisoma mara mbili kwa furaha. Kile chembamba alikitia kwenye mtoto wa meza bila kukifungua. Kilihusu namna ya kukaa kimya na kumtazama mtu anavyotumia kitu ulichomtengenezea. Hakuwa na haja nacho. Yeye alikuwa mtaalamu.

Tena mtaalamu kwelikweli. Orodha yake mtandaoni, "Vitabu Sita vya Lazima kwa Anayemjali Mtumiaji," ilikuwa imependwa na watu elfu nne. Vitabu vyenyewe alikuwa amevisoma kwa kina, jalada la mbele na jalada la nyuma, bila kujisumbua na yaliyomo katikati.

Lakini tusimcheke mapema, maana kijana wa watu alikuwa roho juu. Alikuwa amebuni mashine ya namba kwa kituo kimoja cha afya upande wa Kengeja: mgonjwa anagusa kioo, anachagua presha, meno au watoto, karatasi inatoka, hakuna tena kugombania foleni. Aliifunga ukutani kwa mikono yake mwenyewe, usawa wa macho, kama inavyotakiwa. Wiki mbili zikapita. Kati ya wagonjwa arobaini wa kila siku, waliogusa kioo hawakuzidi watatu, na wawili kati yao walikuwa wachezaji wa mpira wa wavu. Bi Raniya, mkuu wa mradi, alimwambia wazi kwamba mwezi ukiisha hivyo, mashine itang'olewa na mkataba wake utakwenda nayo.

Haitham akaenda kituoni kuchunguza. Aliinama mlangoni kama ilivyo kawaida yake, akakaa dakika kumi nzima, akatoa hukumu.

"Wananchi wanaogopa teknolojia."

"Kaka Haitham," alisema Ghania, "kuhusu hii mashine, mie nilitaka n'kwambie..."

"Soma kwanza, Bi Ghania. Nitakuletea vitabu. Ukishavisoma tutazungumza lugha moja."

"Haya," alijibu Ghania. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, wala hawakusema mgeni akosolewe mbele ya wagonjwa arobaini.

Vitabu vikafika. Baada ya wiki moja, waliogusa kioo kwa siku walikuwa thelathini na wanane. Haitham alidhani mashine imeharibika, akapiga simu.

"Bi Ghania, ni kweli wanavitumia vitabu vyangu?"

"Kila siku. Mtu hendi kwenye mashine mpaka avichukue."

"Hata wazee?"

"Wazee ndio zaidi. Wengi viwili vyawatosha. Bi Mize wa presha hutaka vinne."

Bi Mize alikuwa na miaka themanini na hakuwahi kwenda skuli hata siku moja. Vinne! Haitham mwenyewe hajawahi kufika viwili. Alijisikia vibaya kidogo, kisha akajisikia vizuri sana.

"Na upande wa dini? Hakuna aliyenung'unika?"

"Tulimwuliza Mwalim Zubeir wa chuo cha Kurani kabla ya kuvigusa. Kavipekua ukurasa kwa ukurasa, kasema hamna aya wala jina la Mungu, rukhsa. Na watu wenyewe wana adabu zao, wavua viatu kwanza."

Habari ya viatu aliisimulia kwenye mkutano wa mradi. Watu wa Kengeja, alisema, wanaiheshimu elimu kuliko sisi tuliosoma. Kisha akawasilisha ombi lililopigwa chapa: vitabu mia moja na hamsini, vitano kwa kila kituo, vituo thelathini, na chini yake, mtaalamu mshauri, Haitham, miaka mitatu. Kile chembamba alikiondoa kwenye orodha. Watumiaji walikuwa wameshasema, na yeye alikuwa mtu wa kuwasikiliza watumiaji.

Bi Raniya alilisoma ombi lote, akachukua kalamu, kisha akairudisha mkobani.

"Ombi zuri," alisema. "Kabla sijatia sahihi, twende nikawaone hao wasomaji."

Walifika asubuhi, Haitham amevaa shati jipya. Alimtafuta Bi Mize kwa macho na hakumwona, kwa sababu alikuwa akitafuta juu mno. Bi Mize alikuwa amesimama karibu na kiwiko chake.

"Asalaam alaykum, wanangu," alisema bibi.

"Waalaykum salaam, bibi. Tumekuja kukuona unavyotumia vitabu," alisema Haitham, akimkonyeza Bi Raniya.

"Haya, mwanangu. Nipisheni."

Alivua kandambili zake. Akachukua vitabu vinne dirishani, vimevishwa mifuko ya nailoni visichafuke, akavipanga sakafuni chini ya mashine, kinene kuliko vyote kikiwa cha chini. Akasema Bismillahi, akashika ukuta, akapanda juu yake na kugusa "presha".

Karatasi ikatoka. Bi Raniya alikitazama kioo, akamtazama Haitham kutoka miguuni mpaka utosini, safari iliyochukua muda. Kisha akatoa kalamu. Palipoandikwa vitabu mia moja na hamsini alipiga mstari, akaandika: bisibisi moja. Kalamu ikateremka hadi kwenye jina la mtaalamu mshauri, ikapiga mstari wa pili.

"Bi Ghania," aliita, "jina la babako nani?"