Ndoo ya Kila Asubuhi

Fundi Mbwana alipofungua kifuniko cha mashine ya nje ya kiyoyozi, mabati membamba yalimmegukia vidoleni kama biskuti iliyolowa. Mabomba yalikuwa yametoboka na gesi imekwisha yote. Miezi minane tu iliyopita aliifunga mwenyewe, ikiwa mpya, kwenye ukuta huu unaotazama bahari.

"Uliniambia niioshe kwa maji, chumvi ya upepo wa bahari isije ikaila," alisema Bi Mwanaidi, mwenye nyumba, aliyesimama nyuma yake. "Nimeiosha kila asubuhi, mwanangu. Sijakosa hata siku moja."

Kupitia dirishani, Mbwana alimwona mume wa Bi Mwanaidi amelala kifua wazi, akihema kwa tabu. Tangu apooze mwili, hakuna kilichomtesa kama joto.

"Umeiosha kwa maji gani, mama?"

"Ya kisima chetu. Ya bomba hayafiki huku."

Mbwana alichovya kidole kwenye ndoo iliyokuwa miguuni pa mama huyo, akakilamba. Maji yale yangetosha kuungia mchuzi bila kuongeza chumvi. Siku ile alipoifunga mashine, alisema "maji", basi. Hakusema maji gani.

"Itapona?" aliuliza Bi Mwanaidi.

Mbwana akarudisha kifuniko, akakaza skrubu moja moja, taratibu, mpaka ya mwisho.

"Nipishe kidogo, mwanangu. Leo bado sijaiosha."

Akampisha. Bi Mwanaidi akainua ndoo kwa mikono miwili, akaanza kuimwagia mashine maji polepole, kama anayemwogesha mgonjwa.