Kishimo Kati ya Jicho na Pua

"Madam, nyoka huyu ana sumu," Truphena alisema kwa mara ya tatu, bakuli la maji mkononi.

"Mafi sumu, hakuna! Aliyetuuzia kule Jeddah alisema ni nyoka wa miti tu. Wewe daktari?"

"Hapana, madam. Kabla sijaja Riyadh nilisafisha vizimba vya nyoka Kenya, miaka minne."

Alimwonyesha kupitia kioo cha kizimba: kichwa cha pembetatu, shingo nyembamba, mboni iliyosimama wima kama ya paka. Kati ya jicho na pua palikuwa na kishimo.

"Kishimo kikikaa hapo, nyoka ni wa sumu. Anakitumia kuhisi joto."

Madam alicheka. "Yalla, badilisha maji."

Truphena akaleta vikombe viwili vya chai. Alipitisha kilichopoa juu ya wavu wa kifuniko, nyoka hakutikisika. Alipopitisha cha moto, kichwa kiliinuka, kikakifuata kushoto, kikakifuata kulia.

Madam aliacha kucheka. Alimshika mkono binti yake aliyekuwa akichungulia kando ya kioo, akamtoa chumbani haraka.

Alirudi peke yake, akasimama mlangoni na kumrushia Truphena glavu za kuoshea vyombo.

"Halas, nimeamini. Vaa hizi, ubadilishe maji."