Mtutu Usio na Kutu

Siku askari wa wanyamapori alipofariki, wenzake walikuja kuchukua risasi zake kabla hata viti vya msiba havijapangwa. Bunduki wakaiacha nyuma ya mlango.

"Mkaguzi atapita baada ya miezi mitatu, mama," walisema. "Yeye ndiye ataamua kama inabaki au inakwenda."

Mjane alishika neno moja tu: inabaki. Kwa miaka ishirini na sita bunduki ile ilitoka na mumewe alfajiri na kurudi naye jioni. Picha ya mumewe hakuwa nayo hata moja.

Marehemu alizoea kusema, "Mkaguzi akikuta kutu mle ndani, ananipokonya." Basi kila Jumamosi mjane alitandika gunia sebuleni, akafanya kama alivyomwona akifanya. Brashi ya shaba kwanza. Kisha kitambaa chenye mafuta kwenye ncha ya ufito. Kiingie nyuma, kitokee mdomoni, kisirudishwe. Kikitoka cheusi, kingine. Mwisho alifumba jicho moja, akachungulia mtutu kuelekea dirishani hadi akaona duara la mwanga.

Vitambaa vilipokwisha, alianza kuchana mashati ya marehemu.

"Wifi, umepatwa na nini?" dada wa mumewe alimaka.

"Pamba iliyofuliwa sana haiachi nyuzi."

"Sasa utabaki na nini cha kaka yangu?"

"Mashati haya aliyavaa Jumapili tu. Hii alikuwa nayo kila siku."

"Basi ivalishe na soksi isipate baridi! Mwenzio yule mjane wa ng'ambo ya mto, yake kaiegemeza jikoni inakula moshi, na usingizi anapata."

"Atajuta," mjane alisema, akachana mkono wa shati la mwisho.

Mkaguzi alifika Jumatano, mtu mnene mwenye haraka. Hakutaka hata kiti. Aliinua bunduki, akaelekeza mtutu dirishani, akachungulia. Haraka ikamwisha. Akachungulia tena, akapiga mluzi.

"Mama, kazi hii nina mwaka wa kumi na moja. Mtutu kama huu sijauona hata stoo kwetu. Nani anausafisha?"

"Mimi."

"Hongera sana. Kweli kabisa, hongera."

Mjane alishusha pumzi aliyoibana miezi mitatu. Machozi yalimlenga, akayaachia.

"Kwa hiyo inabaki?"

Mkaguzi alimtazama, kalamu ikiwa hewani.

"Zinazobaki ni zilizokufa, mama. Jana ng'ambo ya mto nimekuta moja imeliwa na kutu mpaka ndani. Nimeiziba mtutu, nikamwachia mwenyewe aitundike ukutani. Hii bado ina kazi."

Siku hizi inapita mbele ya mlango wake kila asubuhi, begani kwa askari mpya.